Muhogo Mbichi, Vumbi la Kongo na Homoni ya Kiume

Jioni, pembeni mwa soko la Mwanga, Kigoma mjini, muuza muhogo mbichi anachangamka watu wakianza kutoka kazini. Anamenya muhogo, anaupasua katikati, anang'oa ule uzi mgumu wa ndani, anakata vipande vya urefu wa kidole, kisha anakufungia kwenye karatasi pamoja na karanga mbichi za kiganja kimoja. Ukiongeza hela unapata na kipande cha nazi. Wateja wake karibu wote ni wanaume, na hakuna anayeuliza kazi ya mchanganyiko huo. Hatua chache kutoka hapo kuna bidhaa nyingine isiyotangazwa kwa sauti: unga wa kahawia kwenye vichupa vidogo, vumbi la Kongo, linalosifiwa kuongeza nguvu za kiume. Kwa mji unaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa Tanganyika, jina hilo peke yake ni tangazo tosha.

"Kaka, hii ukilamba kidogo tu, shemeji atakupigia simu urudi nyumbani mapema."

"Wiki iliyopita uliniambia hivyohivyo, mdogo wangu."

"Basi ulilamba kidogo mno."

Mama ana kliniki yake ya wajawazito. Baba ana muuza vumbi. Na huyu muuza vumbi simlaumu kwa uongo, maana wakati mwingine, kama tutakavyoona mbele, dawa yake inafanya kazi kuliko anavyojua mwenyewe. Kosa lake ni kutibu malalamiko matatu kwa kichupa kimoja. Mwanaume mmoja hana hamu kabisa. Mkewe yupo, afya ipo, lakini moyo hauvutwi. Wa pili hamu anayo, ila uume hausimami, au unasimama na kulegea kabla ya kazi. Wa tatu amechoka mchana kutwa, misuli imepungua, kule kusimama kwa alfajiri alikokuzoea kumepotea, na damu yake ikipimwa homoni iko chini. Yote matatu yanaweza kumkuta mtu mmoja, lakini kila moja lina mzizi wake. Hamu inaanzia kichwani. Kusimama ni kazi ya mishipa ya damu na ya fahamu. Homoni inatengenezwa kwenye korodani kwa amri ya ubongo. Chakula na mwenendo wa maisha vinayagusa yote, ila kwa njia tofauti.

Homoni yenyewe ni testosteroni. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaipa ishara tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari inamwaga homoni nyingine kwenye damu, na hiyo ikifika kwenye korodani inaziamsha seli za Leydig zitengeneze testosteroni. Ikiwa nyingi, ubongo unapunguza amri, ikipungua, unaongeza. Kwa kijana, kiwango kiko juu asubuhi na kinashuka kuelekea jioni. Kuanzia miaka ya 30 au 40 kinapungua taratibu, kwa wastani kama asilimia 1 kwa mwaka, na wanaume wengi wanazeeka bila kuhisi tofauti yoyote ya maana.

Uhusiano wa homoni hii na hamu ni kama chumvi kwenye mchuzi wa migebuka: ikikosekana utajua tonge la kwanza, lakini ikishatosha, kuongeza kijiko kingine hakuongezi utamu. Mwanaume mwenye testosteroni ya chini sana hamu yake hufifia, na akitibiwa hurudi. Mwenye kiwango cha kawaida akiongezwa, mabadiliko ya hamu ni madogo au hayapo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si chakula gani kinapandisha homoni, bali ni kitu gani katika maisha yangu kinaishusha.

Tukirudi kwenye ule muhogo, karibu wote ni wanga. Unatia nguvu za kulima na za kubeba mizigo, lakini kwa protini na madini ni maskini. Kwenye ile karatasi mwenye mchango ni karanga: zina protini, mafuta mazuri na zinki. Yaani mteja analipia muhogo na kusaidiwa na karanga. Tena muhogo mbichi uwe ule mtamu tu, kwa sababu ule mchungu una viambata vingi zaidi vinavyotoa sumu ya sianidi mwilini. Ndiyo maana mama zetu huuloweka na kuuanika kabla ya kuutwanga kuwa unga.

Zinki ina historia inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake, wakifanya kazi Shiraz nchini Iran, waliandika habari za vijana waliofikia umri wa utu uzima wakiwa na vimo vya watoto na via vya uzazi visivyopevuka. Chakula chao kikubwa kilikuwa mkate wa ngano usiochachushwa, nyama ilikuwa adimu, na baadhi yao walikuwa wakila udongo. Baadaye, Prasad akiwa Misri, ilibainika kuwa vijana wa namna hiyo wamepungukiwa zinki. Walipopewa, walikua na kubalehe. Nafaka na mikunde ina kiambata kinachoitwa faiteti ambacho hukamata zinki tumboni na kutoka nayo, kwa hiyo mtu anaweza kula akashiba na madini yasiingie. Mwaka 1996 Prasad huyohuyo alichapisha matokeo ya vijana wachache wenye afya waliopunguziwa zinki kwenye mlo kwa wiki 20: testosteroni yao ilishuka hadi karibu robo ya ilivyokuwa.

Hapa Kigoma jibu la habari hiyo liko ziwani. Dagaa analiwa mzima, na mifupa yake na tumbo lake, na analeta protini na zinki kwa bei ambayo nyama ya ng'ombe haiwezi kushindana nayo. Ugali wa muhogo na dagaa ni mlo kamili kuliko tunavyoupa heshima. Ugali wa muhogo na kisamvu peke yake, siku nenda rudi, si kamili. Maharage ya Kasulu na Kibondo nayo yana zinki, na yakilowekwa usiku kucha na maji yale kumwagwa, sehemu ya faiteti inaondoka. Uji uliochachushwa unafanya vivyo hivyo. Bibi zetu hawakuwa na maabara lakini waliupatia. Tahadhari moja: zinki inamsaidia aliyepungukiwa. Ambaye inamtosha akimeza vidonge vya kuzidisha haongezi kitu, na akizidisha kwa muda mrefu anazuia madini ya shaba yasiingie mwilini.

Mawese yanasemwa vibaya siku hizi, hasa na watu wanaonunua mafuta ya dukani ya bei mbaya. Testosteroni inatengenezwa kutokana na lehemu (kolesteroli), na utafiti wa wanaume waliowekwa kwenye mlo wenye mafuta kidogo sana umeonyesha homoni inashuka kiasi. Lakini ini linatengeneza lehemu yake lenyewe, kwa hiyo kumimina mafuta hakupandishi homoni. Mawese mekundu kwenye mchuzi, ambayo bado yana rangi yake na malighafi ya vitamini A ndani yake, sioni kosa. Kukaanga kila kitu kwenye mafuta yaliyorudiwa mara nne ni habari nyingine.

Kula kidogo kupita kiasi kunaangusha kila kitu. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya na, baada ya wiki za maandalizi, akawapa chakula nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito. Hamu ya mapenzi iliyeyuka. Walikuwa wakiota vyakula. Mwili unaoona akiba inakwisha hufunga mradi wa uzazi kwanza, kwa sababu huo unaweza kusubiri. Mkulima anayepalilia toka alfajiri kwa mlo mmoja wa jioni, ghala likiwa tupu, asishangae mwili kugoma usiku, na wala asipoteze hela ya unga kwa kununua vumbi.

Upande wa pili kuna kitambi. Mafuta ya tumboni si mzigo uliolala tu. Yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi. Estrojeni ikipanda, ubongo unadhani homoni imetosha na unapunguza amri. Juu yake, mwili mnene huacha kuisikia vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari, na hilo linaishusha testosteroni zaidi na kufungua njia ya kisukari, na kisukari kinaharibu mishipa ya damu na ya fahamu ambayo uume unaitegemea. Ndiyo maana mwanaume mwenye mshahara, gari na meza ya nyama choma kila Ijumaa mara nyingi ana homoni ya chini kuliko mchukuzi wa bandarini. Habari njema ni kwamba mlango huu unafunguka pande zote mbili: uzito ukipungua, homoni hupanda, na kadiri unavyopungua zaidi ndivyo inavyopanda.

Sasa usingizi, ambao kwa mji huu ningeupa nafasi ya kwanza. Testosteroni nyingi ya siku hutengenezwa umelala. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolala saa 5 tu kwa usiku, kwa muda wa wiki moja. Homoni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15, sawa na kuzeeka miaka 10 au zaidi kwa wiki moja. Linganisha na maisha ya mialo ya Kibirizi na Katonga. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jioni, anawasha taa kuwavuta samaki, anavuta nyavu hadi alfajiri, anarudi mwaloni kuuza, halafu anajaribu kulala saa 4 asubuhi chini ya bati lililopata moto, watoto wakicheza nje. Anafanya hivyo usiku baada ya usiku mpaka mbalamwezi inapoingia, taa inaposhindwa kushindana na mwezi na kazi inasimama. Wake wa wavuvi wanajua majira haya kuliko daktari yeyote: kuna wiki za mwanaume aliyekufa kwa uchovu, na kuna wiki ya mwanaume aliyerudi. Lilipofungwa ziwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kilio kilikuwa cha kipato, na kilikuwa cha haki; lakini kwa upande wa usingizi wengi walikuwa na miezi 3 ambayo miili yao haikuwahi kuipata.

Si wavuvi tu. Mlinzi wa usiku, dereva wa lori, na kijana anayebonyeza simu hadi saa 8 usiku wako kundi moja. Na anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi usingizini kisha akashtuka, hata akilala kwa muda wa saa 8 hapumziki. Huyo aende hospitali.

Pombe sitaikawiza. Kidogo humwondolea mtu aibu, nyingi hulegeza mishipa ya fahamu usiku huohuo, na ya kila siku kwa miaka huziumiza seli za Leydig moja kwa moja na kuliharibu ini. Ini likishindwa, estrojeni inarundikana: ndiyo sababu mlevi wa gongo wa muda mrefu anaota matiti na korodani zinasinyaa. Sigara ina ujanja wake. Wavutaji kwa kawaida hawana testosteroni ya chini, tafiti nyingine zimewakuta nayo juu kidogo, na wapo wanaoishikilia habari hiyo. Lakini nikotini inabana mishipa ya damu na moshi unaikwaruza kwa ndani, kwa hiyo homoni ipo, hamu ipo, na damu haifiki.

Na hapo tunafika kwenye siri ya kichupa. Uume unasimama damu inapojaa: mishipa ya fahamu inatoa gesi ya nitriki oksaidi, kuta za mishipa ya damu zinalegea, damu inaingia na kufungiwa ndani. Sildenafili, dawa ambayo kampuni ya Pfizer ilikuwa ikiijaribu kwa ajili ya moyo kabla haijaruhusiwa Marekani kama Viagra mwaka 1998, inairefusha kazi hiyo. Haiongezi testosteroni, haileti hamu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imetoa maonyo mengi kuhusu bidhaa zinazouzwa kama mitishamba asilia ya wanaume ambazo zikipimwa zinakutwa na sildenafili au ndugu zake zilizochanganywa kimyakimya. Kwa hiyo unga wa "asili" unaofanya kazi ndani ya nusu saa unapaswa kukutia shaka kuliko ule usiofanya kitu. Mizizi haina haraka hiyo. Dozi haijulikani, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti mchanganyiko huo unaweza kuishusha presha hadi kuua. Muuzaji hatakuuliza unatumia dawa gani. Pengine yeye mwenyewe hajui alichopewa auze.

Lakini hatari kubwa zaidi ni kule kunyamazisha ishara. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ya moyo ina 3 hadi 4. Uchafu ule ule unaoziba mishipa huanza kuonyesha athari kwenye mwembamba. Mwanaume wa miaka 45 aliyeanza kushindwa kusimamisha, huku hamu anayo, anaweza kuwa anapewa taarifa ya presha, kisukari au ugonjwa wa moyo miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua. Akilamba vumbi likamsaidia, taarifa hiyo imefunikwa.

Kuna jambo ambalo magazeti ya afya huliruka, nalo ni kwamba homoni kushuka si ugonjwa kila wakati. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania, kati ya Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi na majirani zao Wadatoga. Kwa Wahadzabe, ambao baba hulea na kubeba watoto, wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio nao. Kwa Wadatoga, ambao ulezi wa mtoto mchanga ni wa mama, tofauti hiyo haikuonekana. Mwili wa baba anayelala na kichanga unajipanga upya. Kijana aliyepata mtoto wa kwanza akaona kasi imepungua hajalogwa.

Vilevile Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji, wana kiwango cha chini kuliko wanaume wa Marekani, lakini baada ya saa moja ya kukata miti kwa shoka homoni ilipanda kwa karibu asilimia 47, na baada ya mechi ya soka kwa karibu asilimia 30. Kupanda huko ni kwa muda, tusikutie chumvi. Kinachoonekana ni kuwa mwili unaotumika unaijibu kazi, na mazoezi ya kubeba vizito na kukimbia yanapunguza kitambi na kuimarisha mishipa ya damu, na hiyo faida inabaki. Mwenye kazi ya ofisini pale mjini ana milima ya kutosha kuelekea Bangwe.

Hamu nayo ina maadui wasiopimika kwenye damu. Deni, ugomvi uliolala chumbani, msongo, sonona. Mwanaume aliyekopa akanunua nyavu na msimu ukawa mbaya hana upungufu wa zinki. Dawa nazo zimo: baadhi za presha na baadhi za sonona hupunguza hamu au nguvu. Wengi huziacha kimya wakimlaumu daktari. Mwambie akubadilishie, zipo nyingine. Ukiiacha presha ipande, ndiyo inayokwenda kuimaliza mishipa tuliyoizungumza.

Neno kuhusu sindano, kwa sababu vijana wa gym wameanza kuziulizia. Testosteroni ikiingia kutoka nje, ubongo unaona imejaa na kuzifungia korodani kazi. Zinasinyaa, na mbegu zinakatika. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio la sindano ya miligramu 200 kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na wengi wao walibaki bila mbegu hata moja. Hiyo ndiyo dawa ambayo kijana anayetafuta mtoto anauziwa ili awe "mwanaume zaidi". Ina wagonjwa wake halali, waliopimwa na kufuatiliwa, na wao ni wachache.

Anayetaka kujua hali yake aanze na vipimo vya bei nafuu: presha, sukari, kiuno. Kipimo cha testosteroni kinachukuliwa asubuhi, kabla ya kula, kwa sababu sukari nyingi peke yake huishusha homoni kwa muda wa saa chache. Usipite kwa muuza soda ukielekea maabara. Mwongozo wa madaktari wa mkojo wa Marekani unataka vipimo viwili vya asubuhi tofauti, vyote vikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita, tena pamoja na dalili, ndipo mtu aitwe mgonjwa. Na mvuvi asipeleke damu akitoka mwaloni. Asubuhi yake ni usiku wa mwili wake, majibu yatatoka chini na atapewa dawa ya ugonjwa asio nao. Aende wakati wa mbalamwezi, akishalala nyumbani usiku kadhaa mfululizo, na amweleze daktari tangu mwanzo kwamba yeye ni mtu wa ziwani.